Punje ya Komamanga: Nani Alimuuliza Binti?

SEHEMU YA 1

Mlionizoea kwa presha, sukari na kadi za chanjo, leo mnisamehe. Leo ni ile siku yangu ya historia. Mliokuwepo wakati wa historia ya ndui na ile ya sabuni mnajua ninavyokuwa nikishika jambo, silali. Nina mapumziko ya siku mbili, kwa hiyo nitaweka sehemu 6. Nikikatika katikati ujue ni umeme, usidhani nimechoka.

Chanzo ni mtoto wa dada yangu. Ana miaka 17, yuko kwangu likizo hii. Juzi usiku naamka kunywa maji, namkuta ndani ya chandarua simu inamulika uso, saa nane hiyo. Nikajua ni mambo ya wavulana. Kumbe anasoma.

"Unasoma nini saa hizi?"

"Hadithi ya mapenzi, mama mdogo. Mungu wa kuzimu amempenda binti wa mungu wa mavuno. Huyu Hades ni mpole sana, yaani basi tu watu wanamwogopa."

"Walikutana wapi?"

"Kwenye sherehe."

Nikakaa kitandani kwake. Nikamwambia, mimi hadithi hiyo niliisoma zamani kwenye kitabu kimoja kikuukuu cha maktaba tulipokuwa chuoni, na humo hawakukutana kwenye sherehe. Humo binti alitekwa.

Alinitazama kama nimemwambia mchumba wake ni mwizi wa kuku.

Basi, tangu usiku ule nimekuwa nikisoma. Nimesoma za zamani, nimesoma na hizo zake za kwenye simu. Kwa wasiozijua: ni riwaya za vijana, nyingi zinatoka Marekani, ambazo zinachukua miungu ya Wagiriki wa kale na kuiweka shuleni, mjini, ofisini. Msichana wa miaka 16 mpaka 19 hivi, mwanamume mwenye nguvu zisizo za kawaida, hatari kidogo, mapenzi mengi. Na katika miungu yote, wanaopendwa kuandikwa upya ni hao wawili, Hades na Persephone.

Swali langu ni moja. Hadithi iliyoanza kama kilio cha mama aliyeibiwa mtoto, imefikaje kuwa hadithi ya mapenzi ya kumkosesha binti usingizi? Twende taratibu.

SEHEMU YA 2

Kabla sijaanza, wauguzi wenzangu mnajua somo la kwanza tulilofundishwa: kuchukua historia ya mgonjwa. Na mnajua kosa la kwanza: kuichukua kwa msindikizaji. Mgonjwa amelala pale, macho anayo, mdomo anao, lakini anayejibu ni aliyemleta. "Ana miaka mingapi?" Anajibu yeye. "Maumivu yalianza lini?" Anajibu yeye. Shikeni hilo, tutalihitaji mpaka mwisho.

Maandishi kamili ya zamani zaidi ya hadithi hii ni shairi la Kigiriki linaloitwa Wimbo wa Demeter. Lilitungwa karne ya 7 au ya 6 KK, na lina beti zinazokaribia mistari 500. Mtunzi wake hajulikani.

Linaanza hivi. Binti anachuma maua kondeni na wenzake. Ardhi imechipusha ua moja la ajabu, vichwa 100 kwenye mzizi mmoja. Ua lile ni mtego. Binti ananyoosha mikono yote miwili, ardhi inapasuka, Hades anatoka na gari la farasi, anambeba. Binti anapiga kelele akimwita baba yake, Zeus.

Na hapa ndipo penye kisu. Zeus hasaidii kwa sababu ni yeye aliyetoa ruhusa. Baba alishakubali. Hades ni kaka yake Zeus, kwa hiyo kwa upande wa baba ni baba mkubwa wa binti, na kwa upande wa mama ni mjomba. Huko mbinguni kwa Wagiriki kulikuwa na mambo yake. Mama hakuambiwa. Binti hakuulizwa.

Demeter anazunguka dunia siku 9 na mienge mikononi, hali, hanywi, haogi. Siku ya 10 anaambiwa ukweli na Helios, jua, ambaye huona kila kitu. Helios akishamaliza kusema anaongeza maneno ambayo ukifanya kazi wodini umeyasikia mara 1,000: usilie sana mama, mkwe mwenyewe si mtu mbaya, ana cheo, ni wa ukoo.

Mama hakutulizwa. Anajigeuza bibi kizee, anashuka mji wa Eleusis, anakaa kisimani. Mabinti wa pale wanamchukua kwao, anapewa kazi ya kulea mtoto mchanga. Ndiyo, mungu wa mavuno alikuwa mlezi wa watoto kama sisi! Alikataa kiti kizuri na alikataa divai. Aliyemfungua ni mtumishi mmoja mwanamke, Iambe, aliyemtania mpaka akacheka. Ndipo akaomba kinywaji cha shayiri, maji na majani ya mnanaa. Mtu wa huzuni huanza hivyohivyo: kicheko kidogo, halafu uji. Usiku alikuwa anamweka yule mtoto kwenye moto ili asife milele, mama wa mtoto akaona, akapiga ukunga, dawa ikaharibika. (Hilo msijaribu nyumbani.)

Kisha Demeter anafanya alichoweza. Anazuia mbegu zisiote. Njaa inaingia, binadamu wanakaribia kuisha na miungu inakosa sadaka. Zeus anatuma wajumbe mmoja baada ya mwingine, na wote anawarudisha. Hapo ndipo baba anapolegea na kuagiza binti arudishwe.

Hades anatii, lakini kabla binti hajaondoka anampa punje ya komamanga. Aliyekula chakula cha kuzimu hawezi kuondoka moja kwa moja. Ndiyo maana, shairi linasema, theluthi moja ya mwaka binti anakaa kuzimu na theluthi mbili anakaa kwa mama.

Sasa sikilizeni vizuri. Shairi linapotusimulia tukio lile, linasema Hades alimpa punje kwa siri. Lakini binti anapofika kwa mama na kuulizwa, anasema alimlazimisha kwa nguvu ale. Ni tukio moja lenye maelezo mawili. Wasomi wamebishana sana juu ya hapo. Mimi nilipofika mstari huo niliweka kitabu chini. Maelezo yanapotofautiana hivyo wodini, hatuandiki kwanza kwamba mgonjwa anadanganya. Tunamtoa msindikizaji nje, tunauliza tena.

SEHEMU YA 3

Asubuhi nimekuta maoni mengi. Kuna kaka mmoja ameandika, "Dada, hizo ni hadithi za kipagani, za nini?" Swali zuri. Je, ilikuwa hadithi tu?

Kwa msichana wa Ugiriki ya kale ilikuwa karibu sana na maisha yake. Ndoa ilikuwa makubaliano ya wanaume wawili, baba wa binti na mchumba, na baba ndiye aliyemkabidhi. Hesiod, mshairi wa karibu mwaka 700 KK, anamshauri mwanamume aoe akiwa na miaka kama 30, na mke awe mwaka wa 5 tangu abalehe. Xenophon, aliyeandika karne ya 4 KK kuhusu uendeshaji wa nyumba, ana mhusika anayesema mke wake alikuja kwake hajafika hata miaka 15, na kwamba alikuwa amelelewa asione mengi, asisikie mengi, asiulize mengi. Anasema hayo akijisifu.

Kwa hiyo binti wa Athens aliyesikia habari za gari la Hades hakuhitaji kuelezwa mafumbo. Siku moja unacheza na wenzako, siku ya pili umo ndani ya gari unapelekwa nyumba ya mtu mzima usiyemjua, na mama yako kabaki mlangoni.

Kuna sanamu moja ilichimbwa mwaka 1972 Merenda, nje kidogo ya Athens. Ni ya msichana anayeitwa Phrasikleia, ilichongwa katikati ya karne ya 6 KK. Ilisimama juu ya kaburi lake. Maandishi ya chini yanasema kwamba ataitwa msichana daima, maana jina hilo ndilo miungu ilimpa badala ya ndoa. Wagiriki walikuwa na desturi hiyo ya kuona binti aliyekufa kabla ya kuolewa kama ameolewa kuzimu. Katika tamthilia ya Sophocles, Antigone anapopelekwa kufungiwa kaburini anajiita bibi harusi wa huko. Harusi na msiba vilikaa chumba kimoja.

Lakini pia hadithi hii iliwapa watu faraja, na hilo lazima tulisemee haki. Pale Eleusis, kama kilomita 20 kutoka Athens, palikuwa na ibada ya siri ya Demeter na binti yake. Ilidumu zaidi ya miaka 1,000, mpaka mwishoni mwa karne ya 4 BK. Waliingia wanaume na wanawake, waungwana na watumwa, mradi uelewe Kigiriki na mikono yako isiwe na damu ya mtu. Walichoonyeshwa ndani hakuna aliyetoa nje kikamilifu, lakini waliotoka walisema hawaogopi tena kufa. Na msingi wa yote ni mama aliyegoma mpaka akasikilizwa. Dini nzima imesimama juu ya mama aliyekataa kuambiwa "mkwe si mtu mbaya".

SEHEMU YA 4

Sasa hadithi inaanza kusafiri, na kila anayeibeba anabadilisha kitu. Mkitaka kuona mabadiliko haraka, fuateni ile punje ya komamanga.

Msafiri wa kwanza ni Ovid, mshairi wa Kirumi, karibu mwaka 8 BK. Kwake binti anaitwa Proserpina, na mahali ni Sisilia, karibu na ziwa moja la Enna. Ovid anaingiza kitu ambacho kwenye Wimbo wa Demeter hakikuwepo: mshale wa mapenzi. Venus anamtuma mwanawe Cupid amchome mfalme wa kuzimu moyoni. Ona ujanja huo. Sasa mtekaji si mtekaji tu, ni mgonjwa wa mapenzi, ana kisingizio. Na punje? Kwa Ovid ni 7, na binti anazichuma mwenyewe bustanini kwa kutojua. Kulazimishwa kumefutika kabisa.

Lakini Ovid huyohuyo ametuachia shahidi mmoja ninayempenda kuliko wote. Anaitwa Cyane, ni jini wa chemchemi. Gari linapopita anasimama katikati ya maji mpaka kiunoni, ananyoosha mikono, anazuia njia. Anamwambia mfalme wa kuzimu kwamba binti alipaswa kuombwa, si kunyakuliwa, na kwamba yeye mwenyewe aliolewa kwa kuombwa, si kwa kutishwa. Mfalme anapiga maji yake kwa fimbo, ardhi inafunguka, gari linazama. Cyane analia mpaka anayeyuka kuwa maji. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kumuuliza binti ni mambo ya kizungu ya juzi. Lilisemwa waziwazi miaka 2,000 iliyopita, na aliyelisema alipitwa kwa gari.

Halafu ikatokea ajali ya kihistoria. Ule Wimbo wa Demeter, wenye sauti ya mama, ulipotea. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya walimjua Proserpina kupitia Ovid na Warumi wenzake. Nakala ya Wimbo ilikuja kuonekana Moscow mwaka 1777, ikagunduliwa na msomi wa Kijerumani, Christian Friedrich Matthaei, na sasa iko Leiden, Uholanzi. Ni nakala moja tu iliyobeba karibu shairi lote. Ingeliwa na panya, malalamiko ya mama tusingeyasikia kwa maneno yale.

Katika muda ule wa katikati wachongaji na wachoraji walijimwaga. Nenda kaangalie picha ya sanamu ya Bernini iliyoko Roma, kaichonga kati ya 1621 na 1622 akiwa kijana wa miaka 20 na kitu. Vidole vya mwanamume vimezama kwenye paja la binti mpaka marumaru inaonekana kama nyama. Watu wanasifia vidole. Shavuni kwa binti kuna chozi, nalo amelichonga. Mimi niliona chozi kwanza, nadhani ni kazi hii yetu.

Mama alirudi kwenye hadithi kupitia mwanamke aliyekuwa na sababu zake. Mary Shelley, yule wa Frankenstein, alifiwa na binti yake mchanga Clara mwaka 1818 huko Venice, na mwanawe William mwaka 1819 huko Roma. Mwaka 1820 akaandika tamthilia fupi kwa vijana, Proserpine, na ndani yake anayeshika nafasi kubwa ni mama anayetafuta. Ilichapishwa miaka mingi baadaye. Huyu hakuhitaji kuigundua nakala ya Moscow ili ajue Demeter alisikiaje.

Na mwaka 1853 Mmarekani Nathaniel Hawthorne akaisimulia kwa watoto. Ndoa akaitoa, Proserpina akawa mtoto mdogo, na mfalme wa kuzimu akawa mzee mpweke mwenye jumba la dhahabu lisilo na kicheko. Punje sasa ni 6, moja kwa kila mwezi atakaokaa kule. Na mwishoni mtoto anakiri kwamba mfalme si mbaya kiasi hicho. Kumbukeni huyo mfalme mpweke, kwa sababu ndiye mpole wa binti yetu wa kwenye chandarua.

SEHEMU YA 5

Tumefika zama za simu.

Mwaka 2005 Marekani vilitoka vitabu viwili vilivyofungua milango miwili. Kimoja ni cha kwanza cha Percy Jackson, cha Rick Riordan, mwalimu aliyeanza kumtungia hadithi za Kigiriki mwanawe aliyekuwa na shida ya kusoma na kutulia. Kikarudisha miungu kwa watoto. Cha pili ni Twilight, cha Stephenie Meyer, msichana na kijana mnyonya damu. Kikawaonyesha wachapishaji kwamba wasichana watanunua mapenzi yenye kifo ndani. Kuunganisha milango hiyo miwili ilikuwa suala la muda.

Mwaka 2011 ikaunganishwa. Aimée Carter akatoa The Goddess Test: Kate anamuuguza mama yake mwenye saratani, anakutana na Henry, ambaye ni Hades. Wanafanya mkataba. Miezi 6 kila mwaka atakaa kwake, na mama ataongezewa muda. Mwaka huohuo Meg Cabot akatoa Abandon: Pierce anakufa akiwa na miaka 15, anaamka kuzimu, anakutana na John anayetawala huko, anatoroka, lakini hawaachani. Mwaka uliofuata Brodi Ashton akaja na Everneath, msichana anayerudi duniani kwa miezi 6 tu kabla hajachukuliwa tena. Halafu ikaja ile ya kwenye simu ya mwanangu, Lore Olympus, katuni ya mtandaoni ya Rachel Smythe wa New Zealand, iliyoanza 2018 ikaisha 2024, na mwaka 2022 ikapata tuzo ya Eisner, tuzo kubwa ya wachora katuni.

Nilikaa tayari kuzichukia. Sasa niseme nilichokuta.

La kwanza. Zile riwaya tatu zimeandikwa kwa "mimi", na huyo "mimi" ni msichana. Jamani, hili si dogo. Katika Wimbo wa Demeter binti anapewa nafasi ya kueleza karibu na mwisho. Kwa Bernini hana sauti, ana chozi. Imechukua zaidi ya miaka 2,500 kwa historia ya mgonjwa kuchukuliwa kwa mgonjwa mwenyewe toka ukurasa wa kwanza.

La pili. Waandishi hawa wameiona ile jeraha. Wengi wamelitoa tendo la kuteka. Kate anapewa masharti, anachagua. Kwenye Lore Olympus anayemdhulumu Persephone kimwili si Hades bali ni Apollo, na sehemu kubwa ya hadithi inafuata jinsi anavyobeba siri ile na anavyoogopa kusema. Kwa nini waliitoa? Kwa sababu walijua huwezi kumwomba msomaji wa leo ampende mtu aliyemtoa binti kondeni anapiga kelele. Kule kuitoa ni kukiri.

La tatu, na hapa ndipo nina ugomvi. Kwenye Abandon kuteka hakukutoka, kumebadilishwa jina. John anampeleka Pierce kuzimu bila ridhaa yake na kusema ni kwa usalama wake. "Kwa usalama wake." Ningekuwa nalipwa kila nikisikia neno hilo kwenye dawati la mapokezi.

La nne, wamemgeuza mama. Demeter wa Lore Olympus ni mama anayebana, anayechunga, anayemficha binti asione dunia. Na njaa ile, ule mgomo mkubwa, kwenye hadithi nyingi za siku hizi unabaki nyuma ya jukwaa au haupo kabisa. Mama sasa ndiye kizuizi cha mapenzi. Naelewa. Ukiwa na miaka 17 mama ni kizuizi kweli. Lakini kama nilivyowaambia, Wimbo wa Demeter ulishawahi kupotea mara moja.

SEHEMU YA 6, YA MWISHO

Hii nimeiandika na kuifuta mara mbili. Nimebadilisha mambo kadhaa ili mhusika asitambulike.

Miaka ya nyuma, zamu ya usiku, leba, aliletwa binti mwenye kifafa cha mimba. Aliyemleta alikuwa mwanamume mtu mzima, mstaarabu, analia kabisa. Nauliza umri, anajibu yeye: 18. Nauliza kliniki, anajibu yeye. Tulimtibu, degedege likatulia, mtoto akatoka salama. Alfajiri nikamtuma yule bwana akatafute maji ya moto, nikamwinamia binti, nikauliza upya.

Miaka 16. "Baba alikubali, sista. Mama alikuwa kwenye msiba wa bibi."

Siku ya tatu mama akafika. Hakumgombeza mtu. Alikaa kwenye benchi la nje mchana kutwa, chakula walichomletea ndugu hakugusa, na alipopita kila muuguzi aliuliza swali lilelile kama kwamba mmoja wetu angekuwa na jibu tofauti: "Mbona hawakunisubiri?" Shemeji mmoja akamwambia, "Lakini mkwe mwenyewe si mtu mbaya, mnamwona." Na kweli, kwa macho, hakuwa mtu mbaya.

Sasa sheria, kwa sababu mtaniuliza. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, vifungu vya 13 na 17, iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na wa miaka 14 kwa ruhusa ya mahakama. Mvulana ni 18. Na someni kifungu cha 17 kinavyopanga: ridhaa ni ya baba. Kama baba amefariki, ndipo ya mama. Nilipokisoma baada ya kusoma Wimbo wa Demeter nilisikia baridi. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alivipinga vifungu hivyo Mahakama Kuu, ikaamuliwa vinakwenda kinyume na Katiba, na serikali ikapewa mwaka 1 wa kurekebisha. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Kwa hiyo mwenye binti, ujue mahakama zetu mbili zimeshasema nini, na usikubali mtu akwambie hili ni suala la mila tu.

Jana usiku nilimsimulia mwanangu yote haya, hadithi ya Wimbo na hadithi ya benchi. Nilidhani atafunga simu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Lakini mama mdogo, mimi ndiyo maana nazipenda hizi. Humu anaulizwa. Hades anamuuliza kabla hata ya kumshika mkono."

Sikuwa na la kujibu. Mimi nilikuwa naona mtekaji aliyepakwa poda. Yeye alikuwa anasoma anavyotaka aulizwe. Na nikijichunguza, mimi katika umri wake sikuwahi kusoma hadithi hata moja ambamo mwanamume anauliza.

Nikamwambia nina ombi moja tu. Anaposoma, aangalie mama yuko wapi kwenye hadithi, na nani kamfukuza humo. Akaniambia mama wa humo kweli anaudhi. Nikamwambia na mimi ninaudhi, na saa nane usiku ni saa ya kulala. Tukacheka. Hakulala, niliona mwanga.

Basi ndugu zangu, kesho narudi zamu ya usiku. Wauguzi wenzangu, binti akiletwa, mtumeni msindikizaji akalete kitu, chochote, hata kama hakihitajiki. Vuta kiti, kaa usawa wa macho yake, muulize yeye. Na ninyi wazazi mlionisoma mpaka hapa, niambieni kwenye maoni watoto wenu wanasoma nini siku hizi. Nataka orodha. Huyu wangu amenitumia nyingine, anasema hii ni ya Achilles na nitalia.

Mungu awalinde. Usiku mwema.